Maswali na Majibu: Viza ya H-1B bila kusubiri bahati nasibu

Viza ya H-1B, ambayo Marekani huwapa wageni wanaoajiriwa katika kazi zinazohitaji shahada, ina kikomo cha watu 65,000 kwa mwaka, pamoja na wengine 20,000 wenye shahada ya uzamili au zaidi kutoka vyuo vya huko. Kwa kuwa waombaji huzidi nafasi, waajiri huwaandikisha watu wao mwezi Machi, na wanaobahatika kuchaguliwa huanza kazi Oktoba. Wapo waajiri ambao kikomo hicho hakiwagusi, na wasomaji wengi wametuandikia kuwahusu.

Rafiki yangu anasema waajiri hao ni vyuo vikuu peke yake. Ni kweli? (Msomaji, Minneapolis)

Rafiki yako amekutajia kundi la kwanza tu. Sheria iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 2000 iliviondoa katika kikomo vyuo vya elimu ya juu, taasisi zisizotengeneza faida zenye uhusiano rasmi na vyuo hivyo, mashirika ya utafiti yasiyotengeneza faida, na mashirika ya utafiti ya serikali. Chuo chenyewe sharti kiwe cha umma au kisichotengeneza faida. Kile kinachoendeshwa kibiashara hakimo, hata kama kinatoa shahada.

Kundi la pili ndilo linalosahaulika, nasi tunaona ni hasara kubwa kwa watafuta kazi. Hospitali isiyotengeneza faida yenye mkataba wa kufundisha wanafunzi wa chuo cha tiba inaweza kuwa humo, na hospitali haiajiri madaktari tu, bali pia wahasibu, wataalamu wa takwimu na wataalamu wa kompyuta. Kinachoangaliwa ni hadhi ya mwajiri, ilimradi kazi yenyewe iwe ya kiwango cha shahada katika fani husika. Kwa hiyo, kabla ya kutuma maombi, uliza idara ya rasilimali watu swali moja la wazi: je, taasisi hii imewahi kuwaombea wafanyakazi H-1B nje ya kikomo, na kwa msingi upi? Kuwa shirika la hisani pekee hakutoshi.

Mwajiri wangu ni kampuni binafsi, lakini kazi naifanyia katika maabara ya chuo kikuu. (Msomaji, Boston)

Unaweza kuwa nje ya kikomo. Kwa kanuni zilizoanza kutumika Januari 17, 2025, inatosha angalau nusu ya muda wako wa kazi utumike katika majukumu yanayoendeleza moja kwa moja shughuli ya msingi ya chuo hicho. Kampuni ndiyo itakayotakiwa kuthibitisha hilo kwa maandishi.

Nilikuja kufundisha Kiswahili chuoni kwa ufadhili wa Fulbright, mpango wa serikali ya Marekani, nikiwa na viza ya J-1, ile ya wageni wa mipango ya kubadilishana. Chuo kinataka kuniajiri. (Mwalimu, Wisconsin)

Hongera, ila kikomo si kikwazo chako. Aliyekuja na J-1 kwa fedha za serikali ya Marekani hutakiwa kwanza kuishi nchini kwake miaka miwili kabla ya kupewa H-1B, isipokuwa apate msamaha, na kwa waliofadhiliwa na serikali hiyo msamaha si mwepesi. Zungumza na ofisi ya wageni ya chuo kabla hujasaini mkataba wowote.

Nikishapata H-1B ya chuo, naweza kuhamia kampuni ya teknolojia? (Msomaji, Atlanta)

Hapa ndipo wengi huumia, kwa sababu msamaha wa kikomo ni wa mwajiri na hauhami na mfanyakazi. Ukiacha kazi ya chuo, na kama hujawahi kuhesabiwa ndani ya kikomo, kampuni italazimika kukuandikisha Machi kama mtu mpya, nawe utasubiri matokeo kama wengine. Unachoruhusiwa ni kubaki chuoni huku kampuni ikikuombea kibali cha kazi ya pili ya sambamba. Kibali hicho hakihesabiwi katika kikomo, lakini hutegemea kazi ya chuo kuendelea. Kumbuka pia kwamba ile miaka 6 ambayo mtu huruhusiwa kukaa na H-1B kwa kawaida ni ya kwako kwa jumla, wala haianzi upya kwa kila mwajiri.

Niko Morogoro. Wakala ananidai fedha ili anipatie H-1B ya chuo. (Msomaji)

Tafadhali usilipe. Mwombaji wa H-1B ni mwajiri, na gharama za kuandaa ombi, pamoja na mawakili wake, ni mzigo wake kisheria. Asiye na ahadi ya kazi hana ombi la kupelekwa popote. Aidha, tangazo la Rais la Septemba 19, 2025 liliweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya watu walio nje ya Marekani, na vyuo havikuachwa, ingawa mwanafunzi anayebadilishiwa hadhi ya uhamiaji kuwa H-1B akiwa ndani ya nchi hiyo hayamhusu. Chuo hakiingii katika gharama hiyo kwa mtu kisiyemjua. Mtake wakala akutajie jina la chuo, kisha wewe mwenyewe ukiandikie kwa anwani iliyo kwenye tovuti yake rasmi, uulize kama nafasi hiyo ipo.