Mashine ya kufulia kule chini besimenti

Dada, kama bomba la majitaka la hiyo nyumba yenu ya Minneapolis linatokea juu ukutani kuliko sakafu ya besimenti, yaani kile chumba cha chini ya ardhi, usikimbilie kununua mashine, anza kwanza na maji yatatokaje. Hapo mara nyingi inabidi uweke sinki la kufulia lenye pampu ya kuyasukuma juu, mashine imwage humo. Draya ya umeme, ile mashine ya kukaushia nguo, kawaida inataka laini yake yenyewe ya volti 240, ampea 30, hiyo mwachie fundi mwenye leseni na kibali cha jiji mchukue. Halafu tafadhali sana, bomba la hewa ya draya liwe la chuma, inchi 4, litoke nje kabisa, yale ya plastiki yanashika moto na humo ndani mnalala na watoto!