Maswali ya Wasomaji: Tuta tulilomwaga wenyewe

SWALI: Mtaa wetu uko Chikongola, Mtwara. Barabara ni ya lami, urefu wake kama mita 300, na bodaboda na bajaji wameifanya njia ya mkato. Tulichanga tukamwaga matuta mawili ya zege, kimo sentimita 15, upana sentimita 40. Sasa wazee wa baiskeli ndio wanaoshuka na kusukuma, pikipiki zinapaa tu, na mvua ikinyesha maji yanajaa hapo. Tumekosea wapi?

JIBU: Vipimo ndivyo vilivyowaangusha. Tuta fupi namna hiyo, gurudumu hulipanda na kulishuka kabla chombo chenyewe hakijainuka. Mwenye kasi, springi na shokapu zinameza mshtuko wote. Anayekwenda taratibu ndiye anayepigwa kiuno. Baiskeli haina shokapu, kwa hiyo adhabu yote imemwangukia asiye na kosa.

Tuta la kushusha mwendo hadi kilomita 30 kwa saa huwa na kimo cha sentimita 7.5 hadi 10, na kuanzia gurudumu linapopanda hadi linaposhuka ni mita 3.7. Mgongo wake ni wa mviringo, kama dau lililopinduliwa. Hilo humwinua dereva na chombo chake kizima, na kadiri anavyokanyaga mafuta ndivyo linavyomrusha. Baiskeli hulipita bila shida, mradi zege lianze sawasawa na lami. Fundi akiacha kingo hata ya sentimita 2 pale mwanzoni, mmerudi kulekule kwa wazee kushuka.

Tuta moja peke yake halina kazi, maana watu hufunga breki kisha hufidia mbele. Yapangeni kila mita 80 hadi 100. Mtaa wenu unataka matatu. Msiweke kwenye kona, mbele ya geti la mtu, wala juu ya karavati au bomba la maji, kwani siku bomba likipasuka tuta ndilo litakalovunjwa kwanza. Pembeni acheni sentimita 20 hadi 30 maji yafuate mfereji. Yakituama nyuma ya tuta hupenya chini ya lami na shimo huanza hapohapo. Waendesha pikipiki watautafuta upenyo huo, kwa hiyo simikeni nguzo fupi kwenye bega la barabara. Rangi nyeupe ni lazima. Tuta lisiloonekana usiku ni mtego.

Ila barabara za mitaa ni za TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, na bila kibali chao hamruhusiwi kumwaga hata karai moja. Mtu akianguka kwenye tuta lenu la sasa, wa kuulizwa ni ninyi. Livunjeni, kisha mpitishe ombi kwenye mkutano wa mtaa. Muhtasari wenye saini uende kwa meneja wa TARURA wa wilaya kupitia mtendaji wa mtaa na wa kata.

SWALI: Nasikia Marekani kuna mitaa ya baiskeli. Wenye magari huhamishwa? Mtanda, Lindi.

JIBU: Hahamishwi mtu. Katika miji kama Portland na Berkeley, gari la mkazi huingia hadi mlangoni. Linachozuiwa ni kukatiza kwenda mtaa wa pili. Kwenye baadhi ya makutano ya barabara husimikwa nguzo au vizuizi vingine, na baiskeli hupita.

Kwa barabara ya mita 5, nguzo 3 zenye unene wa sentimita 10 huacha nafasi nne za kama mita 1.2. Bajaji ina upana wa kama mita 1.3, haipiti, kiti cha magurudumu kinapita. Nguzo mbili za jirani ziwe za kuchomoa, zenye kufuli, kwa ajili ya zimamoto. Mkichomoa moja tu mnapata mita 2.5, na gari lenyewe lina upana huohuo.

Bodaboda? Hapo tusidanganyane: nguzo inayopitisha baiskeli inapitisha pikipiki. Hao dawa yao ni tuta. Na kabla ya yote kaeni na watu wa mtaa wa jirani, maana magari mnayoyafukuza yatahamia kwao.

SWALI: Madereva wanasema hawaendi kasi. Tutathibitishaje bila kifaa cha trafiki?

JIBU: Simu inatosha. Pimeni mita 50 kwa futi kamba, wekeni alama ya chokaa kila upande. Mmoja asimame alama ya kwanza ainue mkono chombo kikipita, wa pili akae alama ya mwisho na saa ya simu. Gawanyeni 180 kwa sekunde mlizopata: sekunde 6 ni kilomita 30 kwa saa, sekunde 3 ni 60. Mpimaji asivae kizibao cha kung'aa, la sivyo wote watapita kama wanakwenda msibani. Andikeni vyombo vyote mfululizo kwa saa nzima, vya taratibu pia, watoto wanapokwenda shule. Karatasi hiyo ibanwe pamoja na muhtasari wa mkutano wa mtaa unaokwenda TARURA.