Kabla hujanunua feni ya sola ya kitalu nyumba

"Feni ya wati ngapi?" Karibu kila anayekuja kuona kitalu nyumba changu (greenhouse) hapa Kibaha huanza na swali hilo, nami humrudishia lingine: kitalu chako kina uwazi kiasi gani wa kuingizia hewa? Wengi hukunja uso. Wamekuja kuangalia paneli na feni, mimi nawapeleka kwenye neti. Lakini kama unaishi ukanda wa pwani, iwe Dar, Tanga au Mombasa, na unataka sola ikusaidie kutoa joto kwenye kitalu cha nyumbani, fedha ya kwanza iende kwenye uwazi, ya pili kwenye kivuli, na feni isubiri zamu ya tatu.

Sababu yake ni hesabu tu. Jua la saa sita mchana, anga likiwa jeupe, hushusha takriban wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba. Kitalu changu ni mita 4 kwa 6, yaani mita za mraba 24. Kwa hiyo mchana kinapokea kama kilowati 24, sawa na kuwasha pasi ishirini na kitu za umeme kwa wakati mmoja ndani ya chumba cha nailoni. Nailoni inarudisha sehemu ya jua hilo nje. Mimea iliyokomaa na kunywa maji vizuri nayo inapunguza sehemu kubwa kwa kutoa mvuke kwenye majani. Kinachobaki ndicho kinachopasha hewa moto. Ndiyo maana kitalu chenye miche ya wiki mbili huwa na joto kali kuliko kilekile nyanya zikishapanda hadi kwenye waya, na ndiyo maana watu hupoteza miche huku wakisema "mbona msimu uliopita joto halikuwa hivi?"

Sasa feni. Kipimo kinachotumika sana kwa vitalu vinavyotegemea feni ni kubadilisha hewa yote ya ndani mara moja kila dakika. Kitalu changu kina urefu wa wastani wa mita 3 kwenda juu, hivyo kinabeba mita za ujazo 72. Zidisha kwa dakika 60, unapata mita za ujazo 4,320 kwa saa. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo dukani, siyo wati. Feni ndogo ya kompyuta ya sentimita 12, ambayo wauza sola wengi huichomeka kwenye paneli ili ikuvutie, inasukuma kama mita za ujazo 100 tu kwa saa. Itazunguka vizuri, itapendeza, na nyanya zako zitaendelea kuungua zikiwa bado maua.

Na hata ukiipata hiyo 4,320, ndani bado kutakuwa na nyuzi tano au sita zaidi ya nje, kama jua linaingia bila kizuizi. Hili watu hawapendi kulisikia. Feni haipoozi hewa, inaleta ya nje tu. Januari na Februari huku kwetu nje kunafika nyuzi 32 au 33, kwa hiyo ndani unacheza na 38. Nyanya hupata shida kushika matunda joto likipita 32 mchana, na likivuka 35 chavua yenyewe inaharibika. Ukisogea karibu na kichala utaliona: kile kigoti kwenye kikonyo cha ua kinageuka njano, na ukikigusa kwa kidole ua zima linabaki mkononi. Matunda yaliyowahi kushika nayo yanagoma kuwa mekundu, yanaishia rangi ya chungwa, na sokoni wanakuambia umechuma mapema.

Wenzetu wa Dodoma na Singida wana njia nyingine: hewa yao ni kavu, hivyo wakipitisha hewa kwenye pedi zilizolowa maji inapoa kweli. Pwani hewa tayari imebeba unyevu, pedi zitakupunguzia nyuzi chache na kukuongezea ukungu. Usishawishiwe na video iliyopigwa kwenye nchi kavu.

Kwa hiyo anza na kipimajoto, kile kinachotunza kiwango cha juu na cha chini. Kining'inize usawa wa maua, ndani ya kopo la rangi lililotobolewa pembeni na kupakwa nyeupe. Kikipigwa na jua moja kwa moja kitakusomea joto la kwake chenyewe. Pima siku kadhaa, nje na ndani. Tofauti ikizidi nyuzi nne tatizo lako ni hewa kutotoka au kukosa kivuli, na hapo kuna kazi ya kufanya. Ikiwa ni nyuzi mbili tu na bado maua yanapukutika, tatizo ni hali ya hewa ya nje, na hakuna feni itakayokuokoa.

Uwazi ninaousema ni wa aina mbili. Pembeni, nailoni isishuke hadi chini. Iwe ya kukunja juu kama pazia na nyuma yake pawe na neti. Juu kabisa ya paa pawe na mdomo wa kutolea hewa moto, maana hewa moto hupanda, na kitalu kisicho na mdomo juu kinaihifadhi. Vitalu vingi vya bei nafuu vimeigwa kutoka nchi za baridi ambako kazi yake ni kutunza joto. Sisi kazi yetu ni kuzuia mvua na wadudu. Kwa familia inayolima mboga za kula na kuuza kidogo, paa la nailoni na kuta za neti tupu zinatosha kabisa.

Neti yenyewe ina gharama yake. Tangu kantangaze, yule nondo mdogo anayeharibu nyanya, aingie Tanzania mwaka 2014, kila mtu anataka neti yenye matundu madogo kabisa, na kwa inzi weupe huna ujanja mwingine. Lakini neti hiyo inabana hewa sana. Feni inayovuta kupitia neti finyu ni kama haipo. Utaisikia inalalamika na nailoni ya pembeni inaingia ndani. Dawa siyo kuongeza feni, ni kuongeza eneo la neti. Mimi huwaambia watu uwazi wenye neti uwe angalau mara tatu ya eneo la mdomo wa feni, na ukiweza zaidi, zidisha.

Kivuli ni rahisi: neti nyeusi au ya kijivu inayokata jua kwa asilimia 30 hadi 40, ikiwekwa juu ya paa kwa nje, isigusane na nailoni. Ukiiweka ndani, joto limeshaingia. Inapunguza lile ongezeko la nyuzi sita kuwa kama tatu na nusu, na haihitaji waya hata mmoja. Iondoe mvua za masika zikianza, mwanga unapungua.

Ukifika hapo na bado unataka feni, karibu. Uzuri wa sola kwa kazi hii ni kwamba jua na joto hufika pamoja. Saa nne asubuhi jua linapochangamka, kitalu kinaanza kupata moto na paneli inaanza kutoa nguvu. Wingu likipita, vyote viwili vinashuka. Hivyo feni ya mchana haihitaji betri, na betri ndiyo kitu kinachokufa mapema kuliko vyote.

Feni ikae juu, kwenye ukuta wa mwisho, ikitoa hewa nje, na uwazi wa kuingizia uwe ukuta wa pili, chini. Upande gani? Miezi ya joto ni miezi ya kaskazi, upepo unatoka kaskazini-mashariki, basi feni ikae kusini-magharibi ili upepo uisaidie badala ya kushindana nayo. Kusi ikianza joto limepungua na kukunja pazia kunatosha. Kujua kama hewa inapita kweli, washa kijiti cha udi, tembea nacho kati ya mistari. Kuna sehemu moshi utakimbilia feni, na kuna kona utapanda wima na kuganda pale. Kwenye kona hizo ndiko bakajani, ugonjwa wa ukungu wa majani, huanzia. Hapo ndipo ile feni ndogo ya kompyuta inapofaa, si kwa kutoa hewa nje bali kuikoroga.

Upande wa umeme kuna mtego mmoja unaounguza feni nyingi. Paneli inayoitwa ya volti 12 haitoi volti 12. Ikiwa kazini hutoa karibu 18, na isipobebeshwa mzigo hufika 21 au 22. Feni ya volti 12 ukiichomeka moja kwa moja itapiga kelele kama jenereta kwa wiki kadhaa kisha inyamaze. Tafuta isiyo na kaboni (zile brashi za ndani ya mota zinazolika) ambayo kibandiko chake kinasema inapokea volti 9 hadi 24, au weka kishusha volti katikati. Chaji kontrola, kile kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye betri, usiitumie bila betri, nyingi hazikutengenezwa kwa hali hiyo. Feni za rejeta za mtumba kutoka kwenye spea za magari zina nguvu, sikatai, lakini zinakula ampea nyingi na zilitengenezwa kuwaka na kuzima, siyo kuzunguka saa sita mfululizo. Kaboni zake zinaisha msimu haujaisha.

Mimi nina feni mbili za inchi 16, wati 60 kila moja, na paneli ya wati 200. Watu husema paneli ni kubwa mno. Kwanza, paneli hupoteza kama asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja inayozidi 25, na mchana wa Februari uso wake unafika 60 bila taabu, kwa hiyo hapo peke yake umepoteza asilimia 14. Ongeza vumbi. Pili, feni ikizunguka nusu ya mwendo inasukuma nusu ya hewa, lakini inakula kama moja ya nane tu ya umeme. Ukiwa na paneli kubwa, hata mawingu yakitanda feni hazisimami. Ndiyo maana feni mbili pana za taratibu zinashinda ndogo moja ya kasi.

Kuhusu kuilaza paneli, fundi wangu alikuja na kauli iliyokaririwa. "Mama, tunaielekeza kaskazini, nyuzi 30." Ilikuwa Januari, saa sita imepita kidogo. Nikamwomba aangalie kivuli chake mwenyewe. Kilikuwa kifupi, lakini kimelala kuelekea kaskazini, maana jua la miezi hiyo linapita kusini kwetu. Paneli iliyoinuliwa nyuzi 30 kuelekea kaskazini ingepoteza karibu robo ya nguvu ya mchana miezi ileile tunayoihitaji. Tukailaza nyuzi 10, kiasi cha mvua kuisafisha. Ushauri wa nyuzi 30 ni mzuri kwa mtu wa Johannesburg.

Usiiweke juu ya paa la kitalu. Itakatia mimea mwanga bila mpangilio, na mabomba mepesi hayapendi uzito huo upepo ukivuma. Wengi wetu tunaiweka juu ya nyumba kwa sababu ya wezi, jambo la busara, ila waya unakuwa mrefu. Ampea 10 kwenye waya wa milimita 2.5, umbali wa mita 15, yaani mita 30 kwenda na kurudi, zinakula zaidi ya volti 2 njiani. Nunua waya wa milimita 6, hasara inabaki chini ya volti 1. Fundi akisema wa taa unatosha, mwambie alipie yeye.

Themostati, yaani swichi inayowasha na kuzima feni kulingana na joto? Pwani sioni haja. Jua likiwepo, joto lipo. Walio Njombe, Mafinga au Limuru ndio waiweke, la sivyo feni itafukuza joto la asubuhi ambalo mimea inalihitaji. Kihisio chake kiwe kivulini, kwenye kopo lilelile la kipimajoto.

Linalobaki ni usiku. Feni isiyo na betri inalala jua likizama, na unyevu unapanda hadi majani yanaloa alfajiri. Ukungu unapenda saa hizo. Kuzungusha feni ya wati 20 kwa muda wa saa kumi za usiku unahitaji wati-saa 200. Betri ya jeli ya volti 12, ampea-saa 18, inazo kwenye karatasi, lakini ukiitumia yote kila usiku haifiki mwaka. Ungehitaji ya ukubwa mara mbili, kontrola, fyuzi karibu na betri, na paneli nyingine. Mimi naacha pazia wazi usiku, namwagilia asubuhi badala ya jioni, na napogoa majani ya chini ili hewa ipite. Mwezi wa Februari silimi nyanya humo hata kidogo. Naweka matango, nyanya naziingiza Aprili ili maua yake yakutane na Juni na Julai. Neti naiosha kwa mpira wa maji kutoka ndani kwenda nje kila vumbi likionekana, na miezi ya kiangazi barabara yetu ya vumbi inanilazimisha kufanya hivyo mara nyingi.