Bili imehamia kwenye simu, daftari lako liko wapi?

Nilipotaja hapa kwamba bado natunza risiti kwenye kopo la biskuti, nusu ya wasomaji walinicheka na nusu wakaleta maswali. Leo nawajibu waliouliza. Waliocheka nitakutana nao foleni ya malalamiko.

Mzee, shikamoo. Siku hizi msoma mita haachi karatasi getini, bili ya maji inaingia kwa meseji tu. Mwezi uliopita nimeletewa uniti 31 wakati nimezoea 8 au 9. Nitajuaje kama ni kweli? – Mama wa watoto watatu, Tabata

Marahaba, mama. Kwanza tuzitie hizo uniti kwenye ndoo, maana uniti ni neno la ofisini. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Uniti 9 kwa mwezi ni ndoo 15 kwa siku, na nyumba ya watu watano inafika hapo bila taabu. Uniti 31 ni ndoo zaidi ya 50 kila siku ya Mungu. Kama hufugi ng'ombe wala hufyatui matofali, hapo kuna jambo.

Ama maji yamepita kweli bila ninyi kuyatumia, ama hayakupita na mtu kaandika vibaya. Usiku watoto wakilala, subiri tanki lijae, funga mabomba yote, kisha nenda na tochi kwenye mita. Mita nyingi zina kigurudumu kidogo kinachozunguka maji yakipita. Kikizunguka wakati mabomba yamefungwa, kuna mahali panavuja, na uvujaji wa upande wako wa mita unalipa wewe. Mimi mshukiwa wangu wa kwanza huwa ni choo. Kile kimpira cha ndani ya tanki la kuvuta maji kikichakaa, maji yanateremka usiku kucha na husikii kitu.

Kigurudumu kikitulia, soma namba. Tarakimu nyeusi ndizo uniti kamili, nyekundu ni vipande vya uniti, na hizo ziache. Linganisha na usomaji uliomo kwenye meseji. Kama meseji inasema 652 na mita yako leo inasoma 634, kesi umeshinda, kwa sababu mita hairudi nyuma. Piga picha inayoonesha namba ya mita na tarakimu zote, iambatanishe na barua, ipeleke ofisi ya maji. Nakala yako igongwe muhuri kwamba wamepokea. Wasipokusikia, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapokea malalamiko ya maji na umeme, ila itataka kujua kwanza kama ulianza kwa mtoa huduma, na muhuri huo ndio jibu lako.

Sasa zamu yangu kukuuliza: mwezi wa kabla ya huo mita ilisoma ngapi? Unaona. Ile karatasi ilikuwa inatufanyia kazi bila sisi kujua. Ilikaa juu ya friji mwezi mzima, kila ukifuata maji baridi unaiona. Meseji ya bili inazikwa siku hiyohiyo chini ya matangazo ya bando na michango ya harusi. Nunua daftari, kila tarehe mosi asubuhi andika usomaji wa mita. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na wao hata mita hawakuwahi kuiona.

Nimepata meseji: "Bili yako ya maji imechelewa, lipa leo kwenye namba hii usikatiwe." Chini kuna namba ya simu ya kawaida. Niko njia panda. – Fundi simu, Mbeya

Fundi simu ukiwa njia panda, bibi yako afanyeje? Usilipe. Huyo ni ndugu yake yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

Taasisi za umma zinapokea fedha kwa namba ya malipo, ile watu wanayoiita kontroo namba. Ina tarakimu 12, huanza na 99, na mfumo wake umekuwapo tangu 2017. Fedha iliyolipwa humo haiingii kwenye simu ya mtu. Lakini usilewe hiyo 99. Tapeli mwenye akili anaweza kukutumia namba halali kabisa aliyoichukua kwa ajili ya faini yake mwenyewe, ukamlipia deni huku ukidhani ni maji yako. Kwa hiyo kabla ya kuweka namba ya siri soma simu inakuambia unamlipa nani, kiasi gani, kwa jina la nani. Watu wengi hapo ndipo wanapobonyeza haraka kuliko pengine popote.

Meseji ya kitapeli itume kwenda 15040. Na ukipata nafasi piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, kuna watu walishangaa.

Niko Maskati. Nyumba yangu ya Tanga ilifungwa tangu 2023. Juzi mdogo wangu kaenda kuifungua, nikanunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, kutoka huku kwa programu ya benki, fedha imekatwa, tokeni imekuja, mita inaikataa. Nimeibiwa?

Hujaibiwa, ndugu yangu, umepitwa. Mita hizi hufuata kanuni moja inayotumika nchi nyingi, na kila tokeni ya tarakimu 20 hubeba ndani yake muda, uliohesabiwa kwa dakika kuanzia Januari 1, 1993. Nafasi ya kuhifadhi hesabu hiyo inatosha dakika milioni 16 na ushee. Zilijaa Novemba 24, 2024. Kabla ya siku hiyo kila mita ilitakiwa kuingizwa namba za kuianzishia hesabu upya. Wenye nyumba waliokuwepo walipata makundi matatu ya tarakimu 20 waliponunua umeme: mawili ya kuisawazisha mita, la tatu umeme wenyewe, yaingizwe kwa kufuatana. Nyumba yako ilikuwa imefungwa, hakuna aliyenunua, hakuna aliyeingiza.

Angalia ujumbe wa manunuzi vizuri kama makundi yapo matatu na wewe ulimtumia mdogo wako moja tu. Kama lipo moja, yeye aende TANESCO, shirika la umeme, na namba ya mita, apewe hayo mawili. Tokeni uliyonunua usiifute.

Tangazo lile lilipita redioni, kwenye magari ya vipaza sauti na kwenye meseji za wateja. Laini yako ya Tanzania, nadhani, ilikuwa kwenye droo.

Nimekosea tarakimu moja ya mita, tokeni imetoka na jina la mtu mwingine. Nifanyeje? – Mwalimu, Kibaha

Umemnunulia jirani umeme. Tokeni hutengenezwa kwa ajili ya mita ile tu, hata ukiibembeleza yako haitaipokea. Nenda TANESCO leo, na ujumbe wa malipo mkononi, kabla mwenye mita hajaiona. Kwa fedha uliyomtumia mtu kwa simu ni hivyohivyo: piga huduma kwa wateja mapema, ikishatolewa kwa wakala marejesho yanakuwa maombi.

Mimi ni mpangaji. Kila mwezi nikinunua umeme nakatwa kodi ya jengo. Jengo si langu! – Kijana wa Kimara

Barua kama yako ninazo tisa, basi tutulie kidogo kwenye hili.

Tangu 2021 kodi ya majengo inakusanywa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikawa 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Kodi hii ni ya mwenye nyumba. Mita haimjui mwenye nyumba, inamjua anayenunua umeme. Serikali ilipata njia rahisi ya kukusanya, na mzozo ukabaki barazani kwenu.

Watu wengi wanaungua hapa kwa sababu hawasomi ujumbe wa LUKU. Wanarukia tarakimu 20 na kuufuta. Humo ndani fedha yako imechambuliwa: umeme kiasi gani, VAT, asilimia 1 ya EWURA, asilimia 3 ya REA (wakala wa umeme vijijini), na deni lililokatwa. Usiponunua miezi mitatu, kodi ya jengo inakusubiri mlangoni, ukinunua inakatwa kwa mkupuo, nawe unasema umeme umepanda bei.

Zikusanye meseji hizo. Siku ya kulipa pango la miezi sita, mwoneshe mwenye nyumba kwamba umemlipia 9,000, umwombe azitoe. Waungwana wanakubali. Asiye muungwana, mkataba ujao uandikwe mstari mmoja kuhusu nani anabeba kodi ya jengo, maana makubaliano ya mdomo na mwenye nyumba huwa na kumbukumbu ya upande mmoja. Na kama nyumba moja ina mita mbili na zote zinakatwa, hilo si la kuvumilia, mwenye nyumba aende kwa wanaosimamia kodi hiyo na namba za mita zote mbili.

Je, tukiacha bili za karatasi tunaokoa miti? – Mwanafunzi, Morogoro

Kidogo sana. Hapo Morogoro simama barabarani jioni uhesabu magunia ya mkaa yanayopita kwenda Dar, halafu uniulize tena.

Ofisi fulani inataka bili ya umeme au maji kama uthibitisho wa makazi. Natumia LUKU, maji nanunua kwa jirani. Bili nitaitoa wapi? – Dada wa Ilala

Huna, wala si kosa lako, fomu nyingi zimeandikwa kana kwamba kila nyumba inaletewa bili kwa posta. Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa akuandikie barua ya utambulisho yenye muhuri, ambatisha mkataba wa pango. Wakikataa, omba benki yako taarifa ya akaunti iliyogongwa muhuri na yenye anwani yako. Uliza ada yake kwanza.

Nitunze risiti kwa muda gani? Za mashine zinafutika, nimefungua bahasha nikakuta karatasi nyeupe. – Mwenye duka, Singida

Karatasi ile haina wino, ina dawa inayogeuka nyeusi kwa joto, ndiyo maana jua, joto la bati na plastiki laini vinaiharibu. Ipige picha siku uliyoipata. Sheria ya usimamizi wa kodi inamtaka mfanyabiashara kutunza kumbukumbu si chini ya miaka 5. Madai ya mkataba yanaweza kufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 6. Mimi natunza 6 kwa vyote, sitaki kukumbuka namba mbili.

Wengi mnauliza pia kama picha na meseji vina uzito. Vina. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali taarifa za kielektroniki kama ushahidi, lakini mahakama itataka kujua zimetunzwaje na zimetoka wapi. Kwa hiyo meseji ya asili isifutwe, hata kama una picha yake.

Hili nimelinunua kwa bei yangu. Miaka michache iliyopita huduma moja nyumbani kwangu ilikatwa kwa deni la miezi miwili niliyokwisha kulipa. Nikaenda ofisini kifua mbele. Dada wa dirishani, mpole kweli, akaniambia, "Baba, nioneshe ujumbe wa malipo." Nilikuwa nimeufuta wiki ile simu ilipojaa video za harusi ya mpwa wangu. Nikalipa tena ili watoto waoge, kisha nikahangaika wiki tatu na kampuni ya simu hadi nikapata taarifa ya miamala iliyoonesha namba ya muamala. Fedha yangu iliingizwa kwenye bili ya mbele. Mhasibu wa miaka 31, kafuta risiti yake mwenyewe! Tangu siku hiyo, nikilipa, namba ya muamala inaingia kwenye daftari kabla sijaiweka simu chini.

Mama yangu ana miaka 74, yuko Pangani. Umeme na maji tunamlipia sisi watoto kwa simu. Sasa amekuwa mkali, anasema tumemnyang'anya nyumba yake. Tatizo nini? – Kifungua mimba, Arusha

Mama yuko sahihi, mwanangu. Miaka arobaini alikuwa anavaa kanga nzuri, anakwenda kulipa bili, anasalimia watu njiani, anarudi na risiti. Aliijua nyumba yake inakula nini. Leo taa zinawaka na hajui nani kalipa, kiasi gani, wala lini zitazima. Kibaya zaidi, najua kuna mjukuu pale anayeijua namba yake ya siri. Hiyo ibadilishwe kwanza, na mama aichague mwenyewe.

Kisha acheni kulipa, mtumieni yeye fedha na ya kutolea. Aende kwa wakala anayemfahamu, anunue LUKU, wakala amwandikie tarakimu 20 kwenye kikaratasi kwa maandishi makubwa, nne nne. Aingize mwenyewe. Ndiyo, itachukua muda, na mara ya kwanza atakosea katikati aanze upya, na atawapigia simu wote watano kulalamika. Mpokee. Na mnunulieni daftari, ila lisiwe lile jembamba la shule, mama wa rika lake anataka lenye jalada gumu.