Kijiji Unachokijua Wewe ni cha Likizo

Kongwa, mwezi wa nane

Mwanangu,

Mbukwa. Mimi mzima, ni mguu tu unanisumbua asubuhi kukiwa na baridi, jua likipanda unaachia. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikanyamaza, ya tatu bando likakata katikati. Ndiyo maana nakujibu kwa daftari. Binti wa jirani atapiga picha kurasa moja moja akutumie.

Umesema umechoka na Dar, umechoka na foleni na kodi ya nyumba, na unataka kuacha kazi uje ulime alizeti ekari 20 hapa kwetu. Hesabu umeshapiga kwenye kompyuta. Halafu mwishoni ukauliza, kwa sauti ya chini kama vile mkeo alikuwa chumba cha pili: "Mama, niambie ukweli, mwaka mzima huko ukoje? Nitaweza?"

Nimefurahi kwamba umeuliza. Hapa kuna waliokuja bila kuuliza, wakauza trekta ndani ya miaka miwili.

Wewe ulitoka nyumbani 2005 kwenda bweni kidato cha kwanza. Tangu siku ile umekuwa mtu wa Juni na Desemba. Shule ilikuleta Juni na Desemba, na ulipopata kazi ukaendelea hivyo hivyo kwa mazoea. Sasa Mungu alivyopanga, hiyo ndiyo miezi miwili ambayo Ugogo inavaa nguo yake nzuri. Desemba mvua ya kwanza inapiga vumbi, harufu inaingia mpaka ndani, usiku kumbikumbi wanajaa kwenye taa na wewe unakimbilia beseni la maji kama mtoto, na ndevu zako hizo. Juni watu wamejifunga shuka kwa baridi, mtama unapurwa uwanjani, tunapeta kwa ungo na upepo unatusaidia kazi, pombe haikosekani na kila Jumamosi kuna shughuli kwa mtu. Hata mimi ukiniuliza Juni, nitakuambia kijijini ni peponi.

Na hiyo Desemba yako nayo ina pazia. Unashuka kwenye basi na mchele kilo ishirini, mafuta na sukari, nyumba inashiba siku kumi. Ukishapanda basi la kurudi, tarehe 2 au 3 Januari, ndipo mwaka wetu unaanza.

Januari ni jembe. Palizi haimsubiri mtu, na ghalani saa hiyo yamebaki mahindi yaliyotobolewa na dumuzi, yule mdudu watu walimbatiza Scania kwa jinsi anavyobomoa. Mwenye akiba anapalilia shamba lake. Asiye na akiba anakwenda kupalilia la mwenzie apate unga wa siku mbili, na lake linaota majani huku akiliona. Akivuna kidogo, mwaka unaofuata atakwenda kibarua tena. Njaa ya hapa ndivyo ilivyo, utaishi nayo jirani na hutaiona, kwa sababu watu wanaoga, wanavaa, wanakwenda kanisani.

Hapa kuna jambo nilikuficha. Yule mbuzi wako mwenye madoa, uliyemwacha ulipokwenda shule, hakuliwa na fisi. Nilimuuza Februari 2006. Mvua ziligoma msimu ule, mahindi ya serikali ya bei nafuu yalikuwa bado hayajatufikia, na kila mtu alikuwa anauza mbuzi siku ileile, kwa hiyo mbuzi mzima alikwenda kwa madebe mawili ya mahindi. Uliporudi Juni ukauliza, baba yako akanitazama, nami nikasema fisi. Ulikwenda zizini ukatafuta nyayo. Nilikuona. Basi, leo nimesema.

Februari ndiyo mwezi wenyewe, ikiwa unataka kujua. Mvua inakata katikati, mahindi yako kiunoni. Wiki ya kwanza unasema itarudi. Wiki ya pili majani yanajikunja mchana na usiku yanafunguka. Wiki ya tatu hayafunguki. Kuna mwaka nilikuwa naamka saa kumi usiku na tochi kwenda kuangalia kama yamefunguka. Kuangalia hakuongezi maji, najua, lakini jaribu wewe kulala. Afisa ugani anatuambia mvua yetu ya mwaka ni kama milimita 500 hivi, na zikija kwa mpangilio zinatosha mtama na alizeti. Tatizo zinapiga siku nne mfululizo, zinabeba udongo mpaka korongoni, kisha zinanuna siku ishirini. Hapo hesabu ya kompyuta utaiweka wapi?

Tena kwa hesabu, Kongwa si pa kuchezea. Babu yako alikuwa kijana Waingereza walipokuja hapa 1947 na mpango wa karanga. Walitaka mamilioni ya ekari, hapa, Urambo na Nachingwea, wapate mafuta ya kula kwao maana vita iliwaacha wakavu. Walikuja na matrekta, mengine yakiwa vifaru vilivyogeuzwa, na reli wakaivuta mpaka huku. Babu yako alifyeka vichaka vyao. Alikuwa akicheka mpaka machozi akisimulia mibuyu ilivyowatesa, na nyuki waliokuwa ndani ya mibuyu walivyowatesa zaidi. Lakini kilichowamaliza ni kukosa mvua, na udongo huu ambao ukikauka ni saruji. Karanga zilikuwa chini na chuma kinakwaruza juu. Mwaka 1951 wakaufunga. Na wale walikuwa na fedha za serikali nzima, wewe una mafao yako tu.

Kwa hiyo lile gunia kumi kwa ekari ulilotaja, lifute. Mimi mwaka mzuri nimepata sita. Mwaka mbaya mawili. Na kuna mwaka nilipata matano, bei ikaanguka nikawa sawa na mwenye mawili. Kibaigwa utawasikia wakisema soko ni kubwa, na kweli ni kubwa, malori yanatoka kila upande, lakini soko kubwa halimsaidii mwenye deni. Anayedaiwa anauza wiki ya kuvuna, bei ikiwa chini, tena kwa gunia la lumbesa lililovimba kama mjamzito. Nimewahi kuchukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, kulipia ada ya dada yako. Walikuja na pikipiki mbili, wakaondoka na godoro na baiskeli ya baba yako. Sitaki kuliendeleza hili.

Sasa utanishangaa. Mwezi ninaoupenda kuliko yote ni mwezi usioujua hata kidogo, Machi kuingia Aprili, mvua zikiwa zimerudi. Ng'ombe wana maziwa, kibuyu cha mgando hakikauki, mlenda unachuma nyuma ya nyumba, maboga, matango, mahindi ya kuchoma. Mtu aliyeshinda njaa Januari anakula bila kununua hata chumvi, maana chumvi ataazima. Na mtama unaanza kuweka punje, basi tunahamia shambani kuamia ndege. Kwelea kwelea wanakuja kama wingu lenye sauti, wakitua robo saa tu umebakiwa na mabua. Alfajiri kabla hawajaamka lazima uwe juu ya dungu, kombeo mkononi, kamba imefungwa kwenye makopo kutoka pembe hii ya shamba mpaka ile. Unavuta, makopo yanalia, wingu linanyanyuka linakwenda kwa jirani. Jirani anavuta, linakurudia. Mchana kutwa tunarushiana ndege na matusi ya utani kutoka dungu hadi dungu. Habari zote za kijiji zinapita hapo kwa kupiga kelele, nani kaposwa, nani kafumaniwa, hakuna siri. Jioni sauti imekauka na shingo inauma. Nami nakuambia sijawahi kuchoka nikiwa na raha kama ile. Ndoa mbili za kijiji hiki zilianzia dunguni, na moja ni ya mama yako.

Mei inapita haraka, kuvuna tu, na Juni unaijua.

Kuanzia sasa hivi ninapokuandikia, upepo umeshaanza. Unavuma kutwa, mabati yanagonga, vumbi linaingia hata kwenye chungu kilichofunikwa. Majani yamekwisha, ng'ombe wanapelekwa mbali, vijana wanakwenda mjini Dodoma kwenye ujenzi. Tangu serikali ihamie pale kazi za saruji hazikosekani, na huku tunabaki wazee na watoto. Ndiyo maana ukisema utapata vibarua kwa bei rahisi, ujue unashindana na jiji. Maji nayo. Bomba la kijiji likifanya kazi dumu ni shilingi 50. Pampu ikifa, na inakufa kila Oktoba kama ina kalenda, boda wanauza dumu 500, na asiye na 500 anakwenda kuchimba mchanga korongoni. Unachimba kwa mikono mpaka bega linaingia, unasubiri maji yajikusanye, unateka kwa kikombe. Dumu moja linaweza kukuchukua asubuhi yote ukikuta foleni. Mliyoikimbia barabarani huko, mtaikuta huku kisimani.

Baba yako tulimzika Oktoba. Wewe ulifika na basi la jioni, kaburi likiwa tayari, ukaona shimo zuri lililonyooka, ukawashukuru vijana ukawapa ya soda. Hukujua lilichimbwa siku mbili. Sururu ilikuwa inaruka na kutoa cheche, ule ule udongo wa karanga. Siku ya kwanza mpaka adhuhuri walikuwa wamefika magotini, na mmoja mpini ulimvunjikia mkononi. Pampu ilikuwa imekufa wiki ya tatu. Basi akaja mama mmoja wa ng'ambo ya korongo, ambaye hata hatukuwa tunaelewana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba, unamjua, kichwani ana dumu. Hakusema kitu. Alimwaga maji yote shimoni yalainishe udongo, akageuka akaenda zake. Baada yake wakaanza kuja, mmoja na dumu, mwingine na ndoo nusu, mtoto na kidumu cha lita tano. Maji ya korongoni yale, ya kuchota kwa kikombe. Nilihesabu madumu kumi na tisa kisha nikashindwa. Walimwaga jioni, wakaacha yanywee usiku, asubuhi sururu ikaingia.

Siku zile ulipokuwa unaniambia nihamie kwako Dar, nikanyamaza, ukadhani naogopa joto, ni hayo madumu nilikuwa nayafikiria. Nisingeweza kukueleza kwenye simu.

Kwa hiyo jibu langu. Kuacha kazi, usiache mwaka huu. Una siku 28 za likizo kwa mwaka kisheria, na kila mwaka unazitumia kwa Krismasi. Mwaka huu zigawe: nusu Oktoba, na ukiweza nyingine Februari. Oktoba uje tusafishe shamba, ujifunze kuberega na majirani, yaani kusafisha na kupanda bila kutifua, na uone kwa nini mimi sikubaliani nao kwenye shamba la mteremko. Februari uje tu ukae, usifanye lolote, uamke na mimi saa kumi usiku. Ukishapita hiyo miwili na bado unataka, tutaanza na ekari tatu. Moja alizeti, moja mtama hata kama watu wa mjini mnaudharau, na ya tatu tutagombana. Mahindi mimi naona tuyaache, lakini najua utataka mahindi, kila mtu anataka mahindi.

Mkeo mshirikishe kwa sauti ya kawaida. Na yeye aje. Akinikuta natembea usiku na tochi, usimwambie nina wazimu kabla sijamweleza.

Njoo na betri za tochi zile kubwa, hapa wanauza zinazokufa siku mbili. Na mifuko ya kinga njaa minne ya kuhifadhia mtama, uangalie ile ya plastiki ya ndani haijatoboka.

Mchele usilete.

Mimi mama yako