Barua kwa mwanangu: Muziki wa kumkumbuka Mwalimu

Bombo

Mwanangu mpendwa,

Salamu. Sisi huku wazima, mvua zimeanza na mama yako yuko shambani. Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Unasema familia ya marehemu Mwalimu aliyekufundisha muziki wamekuomba kipande cha fidla mbili, viola (fidla kubwa kidogo) na selo (ile kubwa ya sauti ya chini), kipigwe siku ya okwabya olumbe, yaani ya kuhitimisha msiba, na kwamba kila ukishika kalamu kinatoka kilio kitupu. Unaniuliza, "Baba, namkumbukaje Mwalimu bila kuwaliza watu upya?"

Naona bado unaandikia maziko. Siku ile tulilia, na ilikuwa haki yake. Olumbe ni siku ya mrithi: Waganda humtoa omusika, yaani mrithi, mbele ya ukoo, huvishwa lubugo, nguo ya gome la mti, hukabidhiwa mkuki, watu wakajua nyumba ina mwenyewe. Basi jiulize Mwalimu amekuachia nini mikononi, uwaonyeshe hicho.

Na amekuachia mengi, mwanangu. Nilipokuwa bado kwenye bendi ya jeshi nilikuwa nakuleta somoni, nakaa benchi la nyuma na kofia magotini. Mtoto akifika, kwanza ni upinde mrefu kwenye nyuzi tupu, zisizobanwa kwa kidole, taratibu, kwenda na kurudi, hakuna wimbo. Mwalimu amefumba macho, shingo kainamisha upande. Mtoto akikwaruza, hamkemei. Anaitoa sauti ileile kwa koo, mm, chini kabisa, anaishikilia mpaka upinde uifikie. Ndipo anafumbua macho. Sisi bendini tulifundishwa kwa kupigiwa kelele. Nilikuwa namtazama yule mzee nikatamani ningeanzia kwake.

Anzia hapo. Wimbo wa kanisani alioupenda uache, tuliuimba vya kutosha kaburini. Selo peke yake, uzi mtupu wa chini, upinde mrefu. Wenzako mliosoma pamoja watajua ni nani kabla hata viola haijaingia.

Halafu mlete na amadinda yake, ile marimba ya Buganda ya vibao vya mbao. Alijifunza utotoni kwa wapigaji wa Lubiri, jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, kabla ya jeshi la serikali kulivamia mwaka 1966 na wanamuziki wa ikulu wakatawanyika. Amadinda ina vibao 12 na watu watatu. Omunazi huanza. Omwawuzi, aliyekaa mkabala naye, hupenyeza kila pigo lake katikati ya mapigo ya mwenzake, hata msikilizaji akadhani ni mtu mmoja mwenye kasi ya ajabu. Wa tatu, omukoonezi, ana vibao viwili tu vya juu kabisa. Huyo kazi yake ni sikio: ndani ya msukosuko wa wenzake anazitafuta zile sauti mbili za chini kabisa, anazirudia juu, oktavu mbili zaidi (oktavu ni kutoka sauti moja hadi ileile ya juu yake).

Sasa fidla ya pili iwe omunazi, viola iwe omwawuzi, selo iwashikie chini. Fidla ya kwanza, iliyozoea kupewa wimbo, ingoje na kusikiliza, kisha ipige sauti mbili tu. Huyo ndiye Mwalimu ninayemjua mimi. Na hao wengine wakikaza mwendo, utasikia vijiwimbo ambavyo hakuna hata mmoja wao anayevipiga. Vinazaliwa na mchanganyiko wenyewe. Vikitokea usivifunike kwa mambo mengi.

Piano unayotaka kuongeza, nakuomba uiache. Amadinda huigawa oktavu hatua tano zinazokaribia kulingana, na piano haina sauti hizo. Kidole kwenye uzi kinazifikia. Njia hiyo imeshapitiwa: mtunzi wetu Justinian Tamusuza aliandikia vyombo hivyo vinne muziki uliochota Buganda, na Kronos Quartet, kundi la wapiga nyuzi wanne la Marekani, wakautia kwenye albamu yao ya 1992.

Umegusia pia kwamba unaogopa kumpamba, kwa sababu bado unakumbuka alivyokwambia kipande chako cha kwanza hakifai. Hilo lisikufunge mkono. Mwaka 1874 mtunzi Mrusi Tchaikovsky alimpigia mpiga piano Nikolai Rubinstein konsato yake ya kwanza ya piano, yaani muziki wa piano na okestra. Rubinstein ndiye aliyempa kazi kwenye Konsavatori ya Moscow, chuo cha muziki. Akaikosoa vikali, na baadaye akaja kuipiga mwenyewe jukwaani. Alipofariki Paris mwaka 1881, Tchaikovsky alimwandikia trio ya piano, fidla na selo, vyombo ambavyo alikuwa amemwambia mfadhili wake kwamba havimpendezi vikiwa pamoja. Mwaka 1893 akafa yeye, na mtunzi kijana Rachmaninoff akamwandikia trio ya vyombo vilevile. Kwa hiyo ukali wa Mwalimu nao upe nafasi yake: sehemu fupi, ya kasi, ngumu, iwatoe jasho nyote wanne. Wanaomjua watafurahi kuusikia.

Urefu, dakika kumi. Trio ya Tchaikovsky inakaribia dakika 50, lakini ninyi mtapiga chini ya turubai, wazee wameketi tangu asubuhi na masufuria ya matooke yako jikoni. Kaeni karibu na watu, msitumie spika.

Ukimaliza ukurasa wa kwanza upige picha unitumie kwa simu. Sehemu ya fidla ya pili nitaijaribu kwa klarineti, nitaipandisha toni moja kama kawaida, nikwambie inakaaje. Mjane wake nitamwona Jumapili; nitamuuliza kama ile fidla yake ya zamani inaweza kupigwa siku hiyo.

Ni mimi baba yako.