Diski D imejaa, nifute nini?

SWALI: Laptopu yangu ya Windows 7 inaonyesha mstari mwekundu kwenye diski D, iliyoandikwa RECOVERY. Sikumbuki kuweka kitu humo. Nifute nini?

JIBU: Usifute chochote, tafadhali! Hiyo ni sehemu ya diski kuu iliyotengwa kiwandani kuhifadhi nakala ya Windows na draiva zake (programu ndogo zinazoendesha vifaa vya mashine). Huja ikiwa karibu imejaa, na hilo haliipunguzii mashine kasi. Kagua tu kama bekapu au picha zako zimeingia humo kwa bahati mbaya. Hizo zihamishie diski ya nje.

La muhimu zaidi, tengeneza DVD za kurejesha Windows sasa, maana diski kuu ikifa, D inakufa nayo. Nunua DVD-R tupu za GB 4.7, tano hivi. Za RW (zinazofutika na kuandikwa upya) programu nyingi huzikataa. Chomeka chaja, fungua programu ya kurejesha iliyokuja na mashine. Kila DVD ikitoka, iandike namba kwa kalamu ya maka, upande wa juu, kwani utaombwa kuziingiza kwa mpangilio huohuo. Shika kingo tu. Watengenezaji wengi huruhusu seti moja pekee, kwa hiyo itunze mbali na jua.